Kuzuia meno kuoza: mwongozo kamili, kuanzia doa jeupe hadi tundu

Watu wengi hulijua jino bovu usiku. Mchana kutwa lilikuwa limetulia. Pengine lilishtuka kidogo ulipokunywa maji baridi, ukahamishia chakula upande wa pili na kuendelea na shughuli zako. Ukishalaza kichwa kwenye mto, linaanza kupwita sambamba na mapigo ya moyo, na hakuna ubavu utakaoulalia likanyamaza. Kufikia usiku huo jino limekwisha kuoza kwa miezi mingi, mara nyingi kwa miaka, na muda wote huo lilikuwa linaonyesha dalili ambazo mtu mwenye taa na kioo angeweza kuziona.

Mimi niling'olewa gego la chini nikiwa na miaka 15. Nilikuwa napiga mswaki kila asubuhi bila kukosa, na niliamini hiyo inatosha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mswaki wa usiku ndio wenye uzito zaidi, wala kwamba pipi inayomung'unywa kwa nusu saa huumiza jino kuliko kipande kikubwa cha keki kinacholiwa mara moja kikaisha. Haya si mambo magumu, na kila mtu anastahili kuyajua kabla hajapoteza jino. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu takriban bilioni 2 wana meno ya kudumu yaliyooza bila kutibiwa, na watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Karibu yote hayo yangeweza kuzuilika.

Kwanza elewa nini hasa kinachokula jino

Kwa Kiswahili tunasema jino limeliwa na mdudu. Imani hiyo ni kongwe sana: vibao vya udongo vya Mesopotamia vilikwisha kumtaja funza wa jino maelfu ya miaka iliyopita. Daktari wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, aliikataa katika kitabu chake cha mwaka 1728, baada ya kuyachunguza meno mengi asimwone funza huyo. Jibu lenye ushahidi lilitolewa mwaka 1890 na Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin. Aliloweka meno yaliyong'olewa kwenye mate yaliyochanganywa na mkate, akayaweka kwenye joto la mwili. Meno yakaanza kupoteza madini na kulainika. Alipotumia mafuta ya nyama badala ya mkate, hayakulainika. Kwa hiyo mdudu yupo, ila ni bakteria asiyeonekana kwa macho, na hatafuni jino. Anakula sukari na wanga uliobaki mdomoni, kisha anatoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino.

Juu ya jino kuna enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, ambacho asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini. Ugumu huo una gharama: enameli haina seli hai, kwa hiyo ikimeguka haioti tena kama ngozi au mfupa. Chini yake kuna dentini, laini zaidi na yenye vijitundu vyembamba mno vinavyoelekea ndani. Katikati kabisa kuna kiini cha jino, chenye neva na mishipa ya damu.

Bakteria hukaa kwenye ukoga, ule utando unaonata ambao ukiupitishia ulimi unahisi jino limevaa kitu. Mmoja wao, *Streptococcus mutans*, hutumia sukari ya kawaida kutengeneza gundi inayomshikiza kwenye jino, kisha hutoa asidi akiwa amelikumbatia. Dakika chache baada ya sukari kuingia, kiwango cha pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ndani ya ukoga hushuka chini ya 5.5, na hapo enameli huanza kupoteza madini yake. Mate huanza kazi ya kuokoa: huiosha sukari, hupunguza makali ya asidi, na huleta kalsiamu na fosfeti zinazorudi kujaza enameli. Kazi hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa nzima. Mtafiti Robert Stephan alilipima jambo hili miaka ya 1940, na mchoro wa mstari unaoporomoka haraka kisha kupanda polepole bado unafundishwa kwa jina lake.

Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya mwongozo huu utaweza kuibuni mwenyewe. Kila siku jino linapoteza madini na kuyarudisha, linapoteza na kuyarudisha. Kuoza ni pale hasara inapozidi marejesho kwa muda mrefu. Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza ni mara ngapi kwa siku umeweka sukari mdomoni, halafu ndipo uulize ni kiasi gani.

Chukua mfano wa watu wawili wenye chupa moja moja ya soda. Wa kwanza anainywa na chakula cha mchana, inaisha kwa dakika kumi. Meno yake yanashambuliwa mara moja, kisha mate yana mchana mzima wa kutengeneza. Wa pili anaiweka mezani kazini, anaifungua saa nne, anapiga funda moja, anafunga, baada ya dakika ishirini anapiga jingine, mpaka saa kumi. Sukari ni ile ile kwa gramu, lakini meno ya huyu wa pili yamekaa kwenye asidi saa sita mfululizo bila mate kupata nafasi.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka Vipeholm, Sweden, kuanzia mwaka 1945. Waliopewa tofi zinazonata kati ya mlo na mlo meno yao yalioza vibaya, wakati waliokula sukari pamoja na mlo waliathirika kidogo tu. Ni lazima niseme pia kwamba watu wale walikuwa na ulemavu wa akili, wakiishi katika taasisi, na meno yao yaliharibiwa bila ridhaa yao. Maarifa tuliyonayo yalilipiwa nao.

Hatua ya kwanza: jikague mwenyewe

Usisubiri maumivu. Simama mahali penye mwanga mzuri, uwe na kioo na taa ya simu. Piga mswaki kwanza ili ukoga usifiche kitu. Halafu vuta mdomo wa juu, kausha meno kwa kitambaa safi au karatasi laini, na uangalie kabla mate hayajarudi. Kukausha ndiyo siri yenyewe, kwa sababu dalili ya mwanzo kabisa haionekani jino likiwa limelowa.

Unachotafuta ni doa jeupe lisilong'aa, kama chaki, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Jino lenye afya linang'aa kama kigae kilicholowa. Doa hilo ni butu, kana kwamba mtu amelisugua kwa msasa. Hapo enameli imepoteza madini chini ya uso wake, lakini uso haujatoboka. Doa la namna hii linaweza kusimamishwa, na mara nyingi kugeuzwa, bila sindano wala mashine. Ni habari njema kuliko zote katika mwongozo huu, na inasikitisha jinsi inavyojulikana kwa wachache.

Usilichanganye na madoa ya floridi nyingi (madini yaliyomo kwenye maji na kwenye dawa ya meno) yanayotokana na maji ya kunywa utotoni. Hayo huwapo tangu jino linapotoka, hufanana kwenye meno ya kulia na ya kushoto, na huenea kwenye uso wa jino badala ya kujipanga kando ya ufizi.

Angalia pia mitaro iliyo juu ya magego. Mtaro mweusi peke yake haumaanishi tundu. Unaweza kuwa rangi ya chai tu. Ila kama kando ya mtaro kuna kivuli cha kijivu kinachoonekana kwa ndani, au chakula kinanasa mahali pale pale kila siku, au uzi wa meno unachanika ukipita mahali fulani, kamwone daktari. Tundu hudanganya kwa ukubwa. Mlango wake kwenye enameli unaweza kuwa mdogo kama ncha ya sindano, huku ndani ya dentini uozo umetanuka ukaacha pango. Mtu anatafuna kitu kidogo, gego linabomoka, naye anasema limevunjika ghafla.

Hatua ya pili: punguza mara, kisha punguza kiasi

Kwa siku tatu, andika kila kilichoingia mdomoni mwako ambacho si maji, pamoja na saa. Usibadilishe chochote kwanza, andika tu. Wengi hushangaa kuona wamefika mara kumi au zaidi: chai yenye sukari, biskuti, juisi, pipi ya koo, chai tena, funda la soda lililobaki.

Kisha ufanye hivi. Vitu vitamu vihamishie kwenye mlo, wakati mate yanatoka kwa wingi. Kati ya mlo na mlo kunywa maji, au chai na kahawa bila sukari. Acha saa mbili au tatu za mdomo kupumzika. Kama huwezi kuacha sukari kwenye chai, inywe iishe, usiiweke pembeni ukaionja asubuhi nzima. Baada ya mswaki wa usiku, maji tu, bila udhuru wowote.

Kuna vitu watu huvidhania ni salama navyo si salama. Asali ni sukari kwa bakteria. Juisi ya matunda isiyoongezwa chochote bado ina sukari, na ina asidi yake yenyewe juu. Matunda yaliyokaushwa hunata kwenye mitaro. Dawa za maji za watoto nyingi zimetiwa sukari, na mara nyingi hutolewa usiku mtoto anapokwenda kulala. Mpe kabla ya mswaki, siyo baada. Tunda bichi linaloliwa na kutafunwa halina tatizo kubwa, kwa sababu kutafuna huamsha mate. Jibini na maziwa yasiyo na sukari ni vitafunio vyema.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari iliyoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida asilimia 5 ni gramu 25 hivi, karibu vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya nusu lita kwa kawaida huwa imekwisha kuvuka kiwango hicho.

Hatua ya tatu: mswaki, na floridi iliyo ndani ya dawa

Mswaki unaondoa ukoga, lakini kinachokinga jino zaidi ni floridi iliyo kwenye dawa ya meno. Historia yake ilianzia kwenye kasoro. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wakazi wengi wana meno yenye madoa ya kahawia ambayo, kwa mshangao wake, hayaozi kirahisi. Ilichukua miaka thelathini hadi 1931 kujua kwamba chanzo ni floridi ndani ya maji. Wataalamu wakatafuta kiwango kinachokinga bila kuacha madoa, na Januari 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza kuongeza floridi kwenye maji yake.

Floridi hufanya kazi hasa kwa kugusa uso wa jino. Ikiwapo kwenye mate, madini yanarudi kwenye enameli kwa haraka, na fuwele mpya zinazojengwa huhimili asidi kali zaidi, hadi pH ya 4.5 hivi. Kwa hiyo soma kasha. Dawa ya mtu mzima iwe na floridi kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu hizo kwa milioni. 1,450 ndiyo ya kawaida. Dawa isiyo na floridi, hata ikiwa na mkaa au mitishamba na harufu nzuri namna gani, inasafisha lakini hailikingi jino inavyopaswa. Na kama maji unayokunywa yana floridi nyingi kupita kiasi (kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita), zungumza na daktari wa meno kuhusu dawa ya watoto wadogo, kwa kuwa meno yao bado yanajengwa.

Namna ya kupiga mswaki ni hii. Tumia mswaki wenye nywele laini na kichwa kidogo kinachofika nyuma ya gego la mwisho. Uelekeze kwa mshazari, nywele ziguse jino na ukingo wa ufizi kwa pamoja, kisha uchezeshe kwa miondoko mifupi, meno mawili matatu kwa wakati. Usikandamize, nywele zikitawanyika ndani ya mwezi mmoja, unatumia nguvu kupita kiasi. Uwe na njia moja usiyoibadilisha: anza nje kulia juu, zunguka hadi kushoto, rudi kwa ndani, halafu juu ya magego, kisha meno ya chini vivyo hivyo. Mtu asiye na njia husugua meno ya mbele mara nne na kusahau upande wa ndani wa magego ya chini, ule unaogusana na ulimi. Dakika mbili kamili. Zipime kwa saa mara moja tu ujue zilivyo ndefu.

Ukimaliza, tema povu lote na usisukutue. Najua mkono unakwenda wenyewe kwenye kikombe cha maji. Mimi ilinichukua wiki kadhaa kuacha. Lakini kikombe kile kinaosha floridi uliyoipaka sekunde chache zilizopita. Tema mara mbili tatu, futa mdomo, basi.

Mara mbili kwa siku, na ya usiku isikosekane hata ukiwa umechoka vipi. Usingizini mate hupungua sana, kwa hiyo sukari iliyolala mdomoni haina wa kuiosha. Mswaki wa asubuhi unaweza kuwa kabla au baada ya chai, ila kama umekunywa au kula kitu kichachu, au umetapika, sukutua kwa maji na usubiri nusu saa. Enameli iliyolainishwa na asidi husuguliwa ikaisha. Badilisha mswaki kila miezi mitatu, au mapema nywele zikipinda.

Mswaki haufiki pale meno mawili yanapogusana, na hapo ndipo matundu mengi ya watu wazima huanzia. Pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku, ukiukunja kama herufi C kuzunguka jino na kuushusha chini kidogo ya ufizi. Penye nafasi pana, viburashi vidogo vya katikati ya meno ni rahisi zaidi na vinasafisha vizuri. Fizi zikitoa damu siku za mwanzo usiogope wala usiache, maana hiyo ni dalili ya ukoga uliokaa. Damu isipokoma baada ya wiki mbili, nenda ukaonwe. Ukoga ulioganda ukawa mgumu kama jiwe hauondoki kwa mswaki. Huo hukwanguliwa kliniki.

Hatua ya nne: walinde watoto tangu jino la kwanza

Hapa sitaki mtu apite haraka.

Jino la kwanza hutoka karibu na miezi sita, na mswaki uanze siku hiyo. Kabla ya miaka mitatu paka dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele; kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Mtoto ateme, asijifunze kumeza. Mzazi ndiye apige mswaki, au arudie alipopita mtoto, mpaka afikishe miaka saba au minane. Kabla ya hapo mkono wake haujaweza kazi hiyo, hata akijigamba vipi kwamba anajua.

Mara moja kwa mwezi mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani mwako, umwinue mdomo wa juu kwa kidole. Tazama meno manne ya mbele pale yanapotokea kwenye ufizi. Mstari mweupe kama chaki hapo ni onyo la kwanza la uozo wa utotoni. Ukigeuka kuwa wa njano au kahawia, uozo umekwisha kuingia. Meno ya mbele ya chini mara nyingi huwa salama, kwa kuwa ulimi huyafunika na mate hujikusanya pale. Ndiyo maana mzazi anayeyatazama hayo tu hudhani mambo ni shwari. Chanzo kikubwa ni chupa ya maziwa, juisi au kinywaji kitamu anacholala nayo mdomoni. Chupa ya kulalia, kama ni lazima iwepo, iwe na maji.

Usimwamini anayesema meno ya utoto hayana haja ya kutibiwa kwa kuwa yatang'oka. Yanamwezesha mtoto kula na kulala, yanashikilia nafasi ya yale yajayo, na usaha kwenye mzizi wake unaweza kuliharibu jino la kudumu linalojengwa chini yake.

Kuna gego moja ninaloliombea macho ya kila mzazi. Mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno yote ya utoto hutoka gego jipya, moja kila upande, juu na chini. Halimng'oi mwenzake yeyote, kwa hiyo hakuna anayeligundua, au hudhaniwa ni jino la utoto. Kumbe ni la kudumu, na anatakiwa alitumie maisha yake yote. Huchukua miezi mingi kupanda, likiwa chini kuliko jirani yake, na mswaki unaokwenda mbele na nyuma hupita juu yake bila kuligusa. Uingize mswaki kwa kuukingamisha kutoka upande wa shavu na usugue gego hilo peke yake. Gego nililopoteza mimi lilikuwa hilo. Magego ya pili hutoka karibu na miaka 12, nayo yanahitaji uangalizi ule ule.

Likishatoka vya kutosha, daktari anaweza kuziba mitaro yake kwa utomvu maalumu kabla halijaoza. Hakuna sindano wala kuchonga, ni kazi ya dakika chache. Mwombe pia kuhusu kupaka floridi nzito kwenye meno ya mtoto, ambayo hupakwa kwa burashi ndogo mara mbili kwa mwaka au zaidi kwa walio hatarini.

Wanaohitaji uangalifu wa ziada

Mdomo mkavu ni hatari kubwa isiyosemwa vya kutosha. Dawa nyingi hupunguza mate, zikiwemo baadhi za mzio, za shinikizo la damu na za msongo wa mawazo. Tiba ya mionzi ya kichwani na shingoni hupunguza zaidi. Usiache dawa yako. Mweleze daktari, kunywa maji kidogo kidogo, na utafune ubani usio na sukari baada ya kula ili mate yaamke.

Wazee ambao fizi zimerudi nyuma wana mizizi iliyo wazi. Mzizi hauna enameli, na huanza kuyeyuka kwa asidi hafifu ambayo enameli ingeivumilia. Daktari anaweza kuwaandikia dawa ya meno yenye floridi nyingi zaidi, ya 5,000 ppm.

Na mama mjamzito: mtoto hachukui kalsiamu kutoka kwenye meno yako. Meno huharibika kwa sababu ya kutapika na kula vitu vidogo vidogo mara nyingi. Kutibiwa meno ukiwa mjamzito ni salama. Mwambie daktari tu kwamba una mimba.

Tundu likishatokea

Jino likishtuka kwa baridi au kitamu kisha likatulia mara moja, kiini kwa kawaida bado kinaokoka. Daktari huondoa sehemu iliyolainika na kuziba. Siku hizi hakuna haja ya kuchimba mpaka kila kitu kiwe kigumu. Karibu na kiini, dentini kidogo iliyoathirika inaweza kuachwa na kufungiwa ndani, bakteria wakakosa chakula. Ipo pia njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa saruji maalumu inayotoa floridi, bila mashine na mara nyingi bila ganzi. Njia hii, inayotumika sasa duniani kote, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kwa mtoto mdogo au mzee asiyeweza kukaa kwenye kiti, kuna dawa ya maji yenye fedha na floridi inayosimamisha uozo kwa kupakwa. Hulifanya eneo lililooza kuwa jeusi daima, kwa hiyo uamuzi ni wako.

Maumivu yakiendelea dakika nyingi baada ya kitu cha moto au baridi, au yakikuamsha usiku, kiini kimeumia. Hapo ni kutibu mzizi wa jino, yaani kusafisha mifereji ya ndani na kuijaza, au kung'oa. Ukiweza kulitunza, litunze. Pengo husababisha meno ya jirani kuinama, na la upande wa pili kurefuka likitafuta mwenzake.

Jihadhari sana na maumivu yanayokoma yenyewe baada ya wiki ya kukesha. Mara nyingi neva imekufa, na bakteria wanashuka kimya kwenye mfupa. Kipele kinachotoa usaha kwenye ufizi ni alama ya hilo.

Wakati unasubiri kuonwa, tumia parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo kilichoandikwa, kama huna sababu ya kuikwepa, na ulale kichwa kikiwa juu. Usiweke aspirini juu ya ufizi, inaunguza nyama. Usinunue antibiotiki kwa kubahatisha. Dawa hizo haziponyi maumivu ya neva iliyovimba, na haziingii kwenye kiini kilichokufa, kwa sababu damu haifiki tena huko.

Nenda hospitali wakati huo huo, hata iwe usiku wa manane, ukiona uvimbe unaosambaa kuelekea jichoni au chini ya taya, homa, mdomo usiofunguka vizuri, shida ya kumeza au ya kupumua. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa, na watu hufariki kwa hilo.

Ukishazibwa, mwombe daktari akuonyeshe kwa kioo mahali kizibo kinapoishia, kwa sababu uozo mpya hupenda kuanzia kwenye ukingo huo. Muulize pia urudi lini. Mwenye matundu mapya huitwa baada ya miezi mitatu hadi sita, na ambaye meno yake yametulia anaweza kukaa mwaka mmoja au miwili. Andika tarehe hiyo kabla hujatoka kliniki.